Uzamili wa Utawala wa Umma Ukiwa Kazini Mtwara au Lindi

Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, nenda kwa Afisa Utumishi wa halmashauri yako uombe kusoma Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yako, yaani waraka unaotaja sifa na madaraja ya kada hiyo, kisha wa kada unayoitamani. Watumishi wengi wa huku Kusini huanza na chuo, muundo wakaujua baada ya mahafali. Hapo ndipo mwalimu wa Tandahimba au muuguzi wa Liwale anapogundua kuwa ana shahada ya uzamili ya utawala wa umma lakini mshahara wake umebaki palepale, kwa sababu cheti chenyewe hakimhamishi mtu kada.

Ili kada ibadilike yanatakiwa mambo matatu yakutane: uwe na sifa inayotajwa kwenye muundo, iwepo nafasi kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa) iliyotengewa fedha za mshahara, na kipatikane kibali cha Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Jambo la kwanza liko mikononi mwako. La pili linaamuliwa kwenye maandalizi ya ikama na bajeti ya mishahara, ambayo hufanyika miezi mingi kabla ya Julai Mosi. Mtu anayemaliza masomo Novemba na kupeleka barua Mei amekwishachelewa kwa mwaka huo wa fedha, hata kama mkurugenzi anampenda.

Kuna na hili la ngazi. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: Afisa Tawala Daraja la II huingia kwa ngazi ya mshahara ya TGS D, na sifa inayotakiwa ni shahada ya kwanza. Uzamili haukuingizi kwa ngazi ya juu zaidi. Mtumishi mwenye miaka mingi kazini akihamia kada hiyo, mara nyingi huanza kwenye daraja la kuingilia. Kama mshahara wake wa zamani ni mkubwa kuliko wa daraja jipya, huombewa mshahara binafsi ili asishuke. Hilo linavumilika, ila ni lazima ulijue mapema, kwa kuwa utakaa muda mrefu bila nyongeza hadi madaraja ya kada mpya yaufikie mshahara wako.

Kwa hiyo anayefaidika haraka ni yule ambaye tayari yuko kwenye njia: Afisa Tawala, Afisa Utumishi, Afisa Mipango, Afisa Maendeleo ya Jamii, Mtendaji wa Kata mwenye shahada, Afisa Tarafa, Katibu wa Afya, na yeyote anayekaribia kukaimu idara au kitengo. Nafasi za wakurugenzi watendaji ni za uteuzi wa Rais, na hakuna kozi inayozifungua. Ukisikia chuo au mtu anakuahidi hivyo, usimsikilize.

Lakini ipo sababu nyingine ya kusoma, na kwangu ndiyo nzito kuliko cheo. Mikoa hii miwili ina halmashauri 15: 9 za Mtwara na 6 za Lindi. Nyingi zinategemea korosho kwa mapato ya ndani, chache zimepakana na gesi, na zote zinahitaji watu wanaoweza kusoma kitabu cha bajeti na taarifa ya ukaguzi wakaelewa kilichotokea. Watu hao ni wachache. Uzamili ukisomwa vizuri unamtoa mtumishi kwenye kutekeleza maagizo na kumfikisha kwenye kuuliza takwimu imetoka wapi. Ukisomwa vibaya unazalisha kitabu chenye jalada gumu kwenye kabati.

Vyuo ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Mzumbe ndiyo yenye mizizi mirefu zaidi kwenye fani hii, maana ilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Dodoma kuna UDOM. Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mkoa Mtwara na Lindi, na programu zake za utawala na uongozi zinasomwa bila kuhama. Taasisi ya UONGOZI nayo imekuwa ikitoa stashahada ya uzamili ya uongozi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Aalto cha Ufini, inayowalenga walio tayari kwenye nafasi za maamuzi. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi hapa Mtwara, na ni mahali pazuri kwa astashahada, stashahada na kozi fupi za kiutumishi. Wapo wanaokwenda kuulizia uzamili hapo kwa sababu ya jina, ndiyo maana nakitaja.

Chochote utakachochagua, hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kwa sababu chuo kutambulika ni jambo moja na programu kutambulika ni jingine. Kwa kawaida kinachotakiwa ni GPA ya 2.7 au zaidi kwenye shahada ya kwanza. Mwenye daraja la kupita tu hutakiwa kuanza na stashahada ya uzamili, au chuo huangalia uzoefu wake wa kazi.

Sasa pima muda kabla ya kupima ada. Kwa mfumo wa TCU shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukihesabu vipindi, kusoma peke yako, kazi za kuandika na utafiti. Hizo ni saa 1,800. Ukitaka kumaliza kwa miezi 18 unahitaji kama saa 23 kila wiki. Kwa miaka 2 ni zaidi kidogo ya saa 17, na kwa miaka 3 ni kama 11 na nusu. Mtendaji wa Kata mwenye kusuluhisha migogoro ya mashamba hadi Jumapili hawezi kupata saa 23 kwa wiki akiwa kazini. Afadhali ajipangie miaka 3 tangu mwanzo kuliko kujipangia miezi 18 akaishia kulipa ada ya kuongezewa muda.

Kalenda ya halmashauri nayo haina huruma na kalenda ya chuo. Kuanzia Desemba hadi Machi ni bajeti: mfumo wa mipango na bajeti wa PlanRep, vikao vya kamati, Baraza la Madiwani, kupeleka mkoani. Februari ndiyo mitihani ya muhula wa kwanza ya vyuo vingi. Juni na Julai ni kufunga hesabu na kuanza mwaka mpya, na hapo tena kuna mitihani ya muhula wa pili. Afisa Mipango au mhasibu asiyepanga hili mapema huishia kusapu, yaani kurudia mitihani ya, masomo mawili matatu, si kwa kuwa hajui bali kwa kuwa alikaa Dodoma na timu ya bajeti wiki ya mtihani. Chukua ratiba ya chuo mwezi wa kwanza kabisa, izungushie kalamu wiki za mitihani, umpe mkuu wako wa idara kwa barua. Ukimwambia tu kwa mdomo atasahau.

Barabara nayo ihesabu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na tangu Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lifunguliwe mwaka 2003 safari ni ya siku moja. Ila Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara upande wa Somanga, wasafiri wakakwama. Njia ya kuzungukia ipo: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe hadi Makambako. Ni lami, lakini ni ndefu mno kwa mtu mwenye mtihani kesho yake asubuhi. Kama vipindi vyako vya ana kwa ana vinaangukia Machi hadi Mei, ondoka na siku mbili za akiba.

Ruhusa ya masomo iwe ya maandishi. Kanuni za utumishi zinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa zaidi ya siku 5 kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, na kusema ulikuwa darasani si utetezi. Unatakiwa uwe umethibitishwa kazini, yaani umemaliza mwaka wa matazamio, na jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Barua ipitie kwa mkuu wa idara hadi kwa mkurugenzi, ikiwa na nakala ya barua ya udahili, muda wa masomo, nani analipa, na utaratibu wa kazi zako utakapokuwa haupo. Hicho kipengele cha mwisho watu hukiacha, na ndicho kinachofanya mkurugenzi asite. Andika nani atashika majukumu yako na kwa tarehe zipi. Ukipewa ufadhili au likizo ndefu yenye malipo, tarajia kusaini mkataba wa kurudi kutumikia kwa muda maalumu. Usome wote, hasa kifungu cha kurejesha gharama.

Fedha, kwa mfano. Chukua mtumishi wa halmashauri mwenye mshahara wa msingi wa Sh 1,000,000 ambaye bado anarejesha mkopo wa shahada ya kwanza. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani Sh 150,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, Sh 50,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh 30,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, Sh 20,000. Kodi ya mapato inafika kama Sh 115,500. Anabaki na Sh 634,500. Sheria inataka abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kwenye karatasi bado anaweza kukopa hadi makato mengine ya Sh 300,000 kwa mwezi. Benki itampa bila tabu. Tatizo ni kwamba ada ni sehemu tu ya gharama. Zipo nauli, malazi ya wiki za vipindi, bando la intaneti, safari za kukusanya data, uchapaji na kujalidi. Gharama nyingi za utafiti huja mwaka wa mwisho, mkopo ukiwa umeshaliwa na ada. Kopa kwa ajili ya ada ya mwaka mmoja, ya pili uiwekee akiba kila mwezi, na nafasi ya kukopa iliyobaki iache kwa ajili ya utafiti. Wengi wanaokwama wamemaliza masomo yote ya darasani, kimebaki kitabu cha tasnifu.

Maombi ya uzamili yanakwenda moja kwa moja chuoni, hayapiti kwenye madirisha ya TCU kama ya shahada ya kwanza. Vyeti vyote, matokeo ya shahada, wadhamini wawili wa kitaaluma, cheti cha kuzaliwa. Kinachowakwamisha watu ni majina: cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, kitambulisho cha NIDA kinasema vile. Anza kushughulikia hati ya kubadili jina mapema, maana huapi mahakamani tu ikaisha, hati inatakiwa isajiliwe.

Darasani utakutana na nadharia za utawala, sera ya umma, rasilimali watu, fedha za umma, maadili, serikali za mitaa na ugatuzi, takwimu na mbinu za utafiti. Ushauri wangu kwenye kazi za kuandika ni mmoja: kila nadharia ipeleke kwenye jambo la huku unalolijua. Ukiambiwa uandike kuhusu utekelezaji wa sera, unayo Novemba 2018, Serikali iliponunua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo na jeshi likashika usafirishaji. Hapo kuna uhakiki wa wakulima, kuna kangomba, yaani ununuzi wa magendo wa korosho, kuna malipo yaliyochelewa, kuna mgongano wa lengo la kumlinda mkulima na uwezo wa kulitekeleza. Ukiambiwa mawasiliano kati ya serikali na wananchi, yapo machafuko ya bomba la gesi ya Januari na Mei 2013 hapa Mtwara. Mhadhiri aliyesoma kazi 40 zenye mifano ya Uingereza na Marekani kutoka kwenye madesa yaleyale ataisoma yako kwa makini.

Tasnifu ndiyo inayotenganisha watu, na makosa yake yanafanana. La kwanza ni kichwa kinachoweza kubandikwa wilaya yoyote: "mchango wa motisha katika utendaji wa watumishi, uchunguzi kifani wa Masasi". Ukifuta Masasi ukaandika Bukoba hakuna kinachobadilika. Swali zuri linatoka kwenye faili la halmashauri yako, mahali ambapo tarakimu mbili hazikubaliani.

Chukua ushuru wa mazao. Sheria ya Fedha ya 2017 ilishusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3 ya bei ya mkulima. Halmashauri inayotarajia tani 10,000 za korosho kwa Sh 3,000 kwa kilo itaweka kwenye bajeti Sh milioni 900. Bei ya mnada ikishuka hadi Sh 2,500, tani zilezile zinaleta milioni 750. Pengo la milioni 150 kwa halmashauri ndogo ni zahanati na madarasa yaliyokwishaahidiwa kwa madiwani. Hapo pana swali la uzamili: makadirio yanafanywaje, nani anaamua bei ya kukadiria, na pengo likitokea kinakatwa nini? Unalinganisha makadirio na makusanyo ya miaka 5, unasoma mihtasari ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na unahoji watu 12 hadi 15: mweka hazina, Afisa Mipango, Afisa Ushirika, watendaji wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), madiwani wa kamati. Hakuna haja ya madodoso 200.

Maswali mengine yapo mezani. Mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4:4:2, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Nani alirejesha mikopo ya zamani na nani hakurejesha, na ufuatiliaji ulikuwa wa nani? Kuna pia hoja za ukaguzi zinazojirudia. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhiwa kwa Rais kila mwaka kufikia mwisho wa Machi na hoja za kila halmashauri zinaonekana. Fuatilia hoja moja kwa miaka minne uone ilifungwa au ilibadilishiwa maneno tu. Kuna na watumishi wanaopangiwa Liwale au Nanyumbu kisha wakaomba uhamisho mapema. Hili la mwisho limeandikwa sana. Ukilichagua, tafuta kundi ambalo halijachunguzwa, kwa mfano wale waliobaki.

Angalia mtego wa mfululizo wa takwimu. Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ilipogeuka kuwa Mtama, baadhi ya kata zake zilihamia Manispaa ya Lindi. Nanyamba ilitoka ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Ukiweka mapato ya miaka kabla na baada ya mabadiliko hayo kwenye jedwali moja, utaona kushuka ambako hakukutokea. Mifumo nayo imebadilika: ule wa uhasibu wa Epicor ukapisha MUSE, na makusanyo ya mapato yakahamia mfumo wa TAUSI. Vifungu havikupangwa vilevile. Kabla ya kuchora grafu, kaa na mhasibu aliyekuwepo wakati wa mpito akuonyeshe kifungu kipi kilihamia wapi.

Kosa jingine ni kanuni ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kutumiwa kama dawa ya kila ugonjwa. Halmashauri ina watumishi 312, kosa linaloruhusiwa ni asilimia 5: 312 gawanya kwa 1.78 (yaani 1 + 312 × 0.05²), unapata 175. Hesabu ni sahihi. Lakini kama swali lako ni la makadirio ya mapato, katika hao 175 wanaojua jambo lenyewe ni 9, na waliobaki watakuzungushia "nakubaliana" kwenye kila mstari ili uondoke. Utapata jedwali safi lisilo na taarifa ndani yake. Kanuni hiyo ni ya sampuli nasibu, pale kila mtu kwenye orodha anaweza kujibu swali. Kwa maswali ya uamuzi, chagua watu kwa makusudi na ueleze kwa nini uliwachagua.

Utafiti kwenye ofisi yako mwenyewe una ugumu ambao wasimamizi wa mbali huwa hawauoni. Mtu unayemsimamia kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, hawezi kukukatalia mahojiano, na hawezi kukuambia ukweli. Muombe mtu wa nje ya idara afanye mahojiano hayo, au chagua halmashauri jirani. Taja nafasi yako waziwazi kwenye sura ya mbinu. Majalada binafsi ya watumishi usiyaguse bila kibali mahususi, hata kama funguo unazo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, haikumwachia njia mtunza masijala aliye pia mwanafunzi.

Vibali vinashuka kwa ngazi. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwake inashuka wilayani na kwa Mkurugenzi, kisha kwa Mtendaji wa Kata, kisha kijijini. Tenga mwezi mzima. Ukiruka ngazi moja, mwenyekiti wa kijiji ana haki ya kukurudisha, na atakurudisha. Kwa vijijini nenda Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimeisha na korosho hazijaanza kudondoka. Oktoba hadi Desemba mkulima wa Newala yuko shambani, ghalani au mnadani, na kumkalisha saa nzima ni kumwibia. Dodoso liandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo na lijaribiwe kwa watu kumi hivi. Kwa wazee wa vijijini uwe na msaidizi anayezungumza Kimakonde, Kimwera au Kiyao kutegemea ulipo.

Msimamizi mpelekee sura moja moja, kwa baruapepe, na kila marudio yaambatane na jedwali la "ulichosema" na "nilichofanya". Bila hilo jedwali mtabishana sura ileile mara tatu.

Ukishamaliza, peleka nakala zilizothibitishwa za cheti na matokeo kwa Afisa Utumishi kwa barua, hakikisha sifa mpya imeingizwa kwenye mfumo wa taarifa za watumishi, na kama unataka kubadilishiwa kada, andika ombi hilo kwa barua ya pekee kabla ikama haijaanza kuandaliwa. Tasnifu yenyewe iache nakala halmashauri. Pamoja nayo andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, wenye jedwali moja na mapendekezo yasiyozidi matatu, kila moja likitaja idara itakayolitekeleza na kifungu cha bajeti, uombe usomwe kwenye kikao cha menejimenti cha Novemba, rasimu ya bajeti ikiwa bado haijafungwa.